Barua Iliyopitia kwa Mtendaji

Siku ya kuniaga ofisini mlisema mengi mazuri, mkanipa saa ya ukutani na kitenge, kisha mmoja wenu akaniomba niandike uzoefu wangu ili usipotee. Saa imeshasimama. Huo uzoefu nimeukalia miezi mitatu nikijiuliza ni kitu gani hasa, maana vyeo vyangu mnavijua, na mishahara mnaijua kuliko mimi. Nimeona niandike nilivyoanza, aliyenifundisha, na lile kosa mnaloliita "kosa la Bi. Zuhura" na kulicheka wakati wa chai bila kujua mnachekea nini.

Nilihamia ofisi ya malalamiko nikitokea masjala ya halmashauri, ambako kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupokea barua, kuzigonga mhuri na kuzipeleka kwa watu wasiozisoma. Ofisi mpya ilikuwa vyumba vitatu mjini Shinyanga, juu ya duka la pembejeo, kwa hiyo majalada yetu yote yalinukia dawa ya pamba. Ubao wa mlangoni ulisema tunasikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya watumishi wa umma, na kwamba sisi ni chombo huru. Uhuru wenyewe ulikuwa wa kutosha. Hatukuwa chini ya mkoa, wala wilaya, wala halmashauri, na hatukuwa na gari.

Mlalamikaji wangu wa kwanza alikuwa mzee aliyeibiwa jogoo. Nilimkalisha, nikamfungulia jalada, nikalipa namba, nikaandika kurasa mbili kwa mwandiko wangu mzuri. Nilipompelekea jalada Mzee Maganga, aliyekuwa mchunguzi mwandamizi, alilisoma lote taratibu. Alikuwa Msumbwa wa upande wa Ushirombo, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni.

"Binti, huyu jogoo ni mtumishi wa umma?"

"Hapana, mzee."

"Na aliyemwiba?"

"Ni fundi baiskeli."

"Basi mwandikie barua ya kwenda baraza la kata. Lakini kwanza mpe chai. Ametembea toka Ibadakuli."

Ndivyo nilivyojifunza mipaka ya mamlaka yetu. Mengi ya baadaye niliyojifunza kwenye semina, zile za hoteli zenye maji ya chupa, sikumbuki hata moja kama ninavyokumbuka hilo.

Mzee Maganga alikuwa na vifaa vyake: kalamu tatu, kwa sababu mbili huwa hazijui kazi, daftari gumu, pedi ya wino kwa wasiojua kutia sahihi, na kitambaa chenye mafuta ya taa cha kumfutia mtu kidole gumba baada ya kukibonyeza. Hicho kitambaa alikiheshimu kuliko mhuri. Alisema mtu asiondoke kwetu na uchafu ambao hakuja nao. Pia alinikataza kuandika mtu anapoanza kusema. Kwanza msikilize mpaka anyamaze, kisha mwombe aseme tena, ndipo uandike. Ukiandika mapema, mtu anaanza kuisemea kalamu.

Na alinifundisha kutomuuliza mtumishi swali ambalo rejesta inaweza kulijibu. Tulikwenda Kahama kwa shauri la mchimbaji mdogo mmoja aliyezungushwa mwaka mzima akifuatilia kibali cha duara lake, yaani shimo lake la dhahabu. Ofisa husika alitupokea vizuri, akasema faili linafanyiwa kazi. Mzee Maganga hakubishana naye. Aliomba rejesta ya barua zinazoingia, akaweka kidole kwenye mstari, akaomba rejesta ya zinazotoka, akaifunua mpaka mwisho bila kuweka kidole popote. Faili likatafutwa. Lilikuwa dirishani, chini ya birika la chai, na lilikuwa na alama ya duara kamili. Yule mchimbaji alicheka mpaka akakaa chini.

"Mzee," akasema, "mimi nimeshuka mita arobaini nikakuta mwamba mtupu. Wewe umechimba mezani tu, umetoka na mali."

Nadhani nilikuwa na mwaka wa nne au wa tano pale ilipofika barua ya Mama Kulwa.

Ilitoka kijiji kimoja upande wa Geita ambacho sitakitaja. Iliandikwa na katekista kwa niaba yake, kwenye karatasi ya daftari la shule, kwa kalamu nyekundu. Mgodi mmoja mkubwa ulikuwa unapanua eneo lake, na kaya za kitongoji kile zilikuwa zinahamishwa. Kila kaya ilikuwa ipewe kiwanja na nyumba sehemu nyingine. Orodha ya kaya ilitengenezwa na mtendaji wa kijiji, ambaye ni mtumishi wa umma kama mimi na ninyi. Mama Kulwa alikuwa mjane, na kwenye mstari wa nyumba yake mtendaji aliandika jina la shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyekuwa akiishi kijiji kingine. Kwa lugha nyepesi, tingatinga likifika, mama yule wa miaka sitini na kitu hana pa kwenda. Alimfuata mtendaji mara tatu. Mara zote aliambiwa orodha imeshapelekwa, na kwamba mwanamke haandikwi kuwa mwenye boma.

Lalamiko lilikuwa zuri, kama daktari anavyosema ugonjwa mzuri. Lilikuwa ndani ya mamlaka yetu, lilikuwa halijapitwa na muda, lilikuwa na nyaraka. Mzee Maganga alikuwa likizo. Nikaandika mwenyewe barua ya kumjulisha mama yule kwamba tumelipokea lalamiko lake na kwamba nitafika kumhoji.

Sasa hapa nawaomba mnisome polepole. Mwanakijiji hana sanduku la posta. Barua ya serikali kwenda kwa mwanakijiji ina njia moja, na kila karani anaijua hata akiamshwa usingizini: unaandika jina lake, chini yake unaandika K.K., yaani kupitia kwa, halafu Afisa Mtendaji wa Kijiji. Nilikuwa nimeandika hivyo miaka kumi na nne masjala. Mkono uliandika wenyewe. Kisha nikapiga mstari, nikaweka kichwa cha habari kwa herufi kubwa: Yahusu malalamiko yako dhidi ya Afisa Mtendaji wa Kijiji. Nikasoma, nikaridhika na mpangilio, nikatia sahihi, nikapeleka posta.

Hakuna aliyeniambia kitu. Barua ilikuwa sahihi kabisa.

Wiki kadhaa baadaye nilipata usafiri, nikaondoka na Shija, dereva tuliyeazimwa pamoja na gari lake na ofisi nyingine. Shija alikuwa Msukuma wa Kishapu, mpenda maongezi, na ndiye aliyekuwa mkalimani wangu, kwa kuwa mimi ni mtoto wa mjini. Marehemu baba alikuwa mfanyabiashara aliyetokea pwani, na Kisukuma changu kinaishia kwenye salamu na bei ya nyanya.

Tulipofika kijijini tukasimama dukani kuuliza kwa Mama Kulwa. Mwenye duka alikuwa anacheka na mteja, akaacha.

"Huyo hatumjui," akasema, akaanza kupanga sabuni zilizokuwa zimepangwa tayari.

Kisimani tukauliza wanawake wanne. Walijitwisha ndoo zao wakaondoka, mmoja na ndoo nusu. Shija alirudi kwenye gari, akakaa bila kuliwasha.

"Dada Zuhura, huyu mama ametengwa."

Nilijua maana yake, kila mtu wa Shinyanga anajua, lakini nilikuwa sijaiona kwa macho. Sungusungu, yaani jeshi la jadi la kijiji, wakikutia hatiani kwenye mkutano wao wanaouita dagashida, wanaweza kuamua utengwe. Hakuna wa kukusalimia. Hakuna wa kukupa moto, wala chumvi, wala kukuuzia kiberiti. Ukipatwa na msiba unalia mwenyewe na unazika mwenyewe. Anayekusemesha naye anatozwa faini. Hukai gerezani, unakaa nyumbani kwako, na watu wanapita.

Nyumba yake tuliipata kwa kuwa ndiyo pekee ambayo njia yake ilianza kuota majani. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akikata viazi vya kukausha viwe michembe. Shija akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Mama yule aliinua uso, kisu kikabaki hewani. Midomo ilisogea kabla sauti haijatoka. Ndipo akaitikia, polepole, kwa sauti iliyokwaruza.

Nilijitambulisha, Shija akatafsiri. Akaniangalia.

"Ni wewe uliyeandika?"

"Ndiyo, mama."

"Mtendaji aliisoma kwenye dagashida. Alisoma vizuri. Hakuruka hata jina lako." Alirudi kwenye viazi. "Wakaniuliza, kweli wewe umepeleka mambo ya kijiji Shinyanga? Nikasema kweli. Ningesemaje, na barua ipo?"

Nikamuuliza ni siku ngapi sasa.

"Hesabu kutoka barua yako."

Niliona aibu. Nimeandika sentensi hii mara nne nikitafuta neno la kiofisi zaidi, sikulipata. Niliona aibu mbele ya Shija, mbele ya yule mama, hata mbele ya viazi. Mtendaji alifanya ubaya, sawa, lakini aliyempa silaha ni mimi, tena nimeifunga vizuri na kuilipia stempu.

Ofisini, Mkuu wetu wa kanda alisikitika kwa dhati, kisha akataka tuandike barua kali kwa wilaya. Mzee Maganga alikuwa amerudi likizo. Alivua miwani.

"Barua nyingine, Mkuu? Na hii ya kwanza si bado inafanya kazi?"

"Unataka tufanyeje? Sungusungu si watumishi wa umma. Hatuna mamlaka nao."

"Hatuna. Lakini wao wana mamlaka na aliyekosa. Zuhura aende akashtakiwe."

Mkuu alisema chombo huru hakiwezi kuhukumiwa na dagashida. Mzee Maganga alisema chombo hakiendi, anayekwenda ni binti. Walibishana mpaka saa ya chakula. Mwisho Mkuu akasema Jumamosi ni siku yangu ya mapumziko na yeye hapangi mapumziko ya watu. Ndiyo ruhusa niliyopewa. Wilaya iliandikiwa ile barua kali pia, na safari hii niliipeleka kwa mkono wangu.

Jumamosi hiyo Shija alinipeleka kwa pikipiki ya kaka yake. Dagashida ilikaa uwanjani karibu na ghala la pamba, wanaume wamekaa kwa safu, fimbo na pinde zimelazwa chini. Mtemi wa sungusungu, ndivyo kiongozi wao anavyoitwa, alikuwa mtu mfupi mwenye koti la suti na kandambili. Mtendaji alikaa pembeni na daftari la kumbukumbu. Mama Kulwa alikaa mbali, peke yake, juani. Niliomba kusema. Shija akatafsiri.

Nilisema mimi ndiye niliyeandika barua. Nilisema mama huyu alikuja kwetu kwa siri kwa sababu sheria inamruhusu, na kazi yangu ilikuwa kuitunza siri hiyo, nikaitoa. Kama kuna mtu aliyerusha mambo ya kijiji nje ya mahali pake, ni mimi. Nimekuja nihukumiwe mimi.

Mtemi aliuliza kama nimelewa. Shija akamwambia mimi ni Mwislamu. Watu wakacheka, na kicheko kile kilinisaidia kusimama.

Wakabishana kwa muda mrefu kama mtu asiye wa kijiji anaweza kushtakiwa pale. Mzee mmoja akasema, na Shija alinitafsiria neno kwa neno, kwamba mtu anayesikiliza mashtaka ya watu kila siku lazima naye awe na mahali pa kushtakiwa, na kama hapo mahali hapapo, basi iwe hapa. Wakakubaliana. Mtemi akamgeukia mtendaji aandike hukumu.

"Mtuhumiwa anaitwa nani?" mtendaji akauliza, akiwa na sahihi yangu mfukoni.

Nikamtajia, herufi moja moja.

Faini ilikuwa beberu mmoja na debe la mchele. Wiki iliyofuata nilivileta kutoka Kahama, bila risiti, na msijisumbue kutafuta kifungu cha kurejeshewa, mimi nilishatafuta. Nyama ilipikwa, watu wakala, na mtemi akatangaza kwamba kosa limepata mwenyewe na Mama Kulwa amerudishwa. Kwa desturi yao, kila aliyekuwapo alipaswa kwenda nyumbani kwake kumsalimia, mmoja mmoja. Walipanga foleni. Mwenye duka alikuwepo, na wanawake wa kisimani. Mtendaji naye akapita, kainamisha kichwa. Mama yule aliwaitikia wote. Wengine aliwashika mkono, na dada mmoja wa kisimani walikumbatiana wakalia.

Nikaja mimi, wa mwisho.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Aliniangalia tu, bila hasira, kama mtu anayesoma kibao kilichoandikwa mbali.

"Wewe unashtakiwa wapi?" akaniuliza. Safari hii ilikuwa Kiswahili, hakuhitaji mkalimani.

"Nimeshahukumiwa hapa, mama. Si umeona."

"Hapa umehukumiwa kwa kosa la kijiji. Langu bado."

Nilimwambia lalamiko dhidi ya mchunguzi linakwenda makao makuu. Akasema basi aandikiwe. Katekista hakuwepo, na Shija mwandiko wake anausoma mwenyewe. Kwa hiyo nilitoa fomu kwenye mkoba, nikakaa chini ya dirisha lake, nikaandika lalamiko dhidi yangu. Nilimsikiliza kwanza mpaka akanyamaza, kisha nikamwomba aseme tena. Kwenye jina la mlalamikiwa nikaandika langu. Kwenye maelezo nikaandika alivyosema, na alisema sawasawa. Mwisho wa fomu yetu kuna swali: Unaomba nini?

"Siku zangu," akasema. "Ishirini na sita. Andika. Siku ya kumi nilianza kuwasalimia kuku. Nilikuwa nawasalimia, halafu naitikia mwenyewe, nisije nikasahau. Naomba nirudishiwe siku zangu."

Niliandika. Akabonyeza kidole gumba, nikamfuta wino.

Kiwanja alipata. Wilaya ilihakiki orodha upya, ikakuta majina mengine matatu ya wajane yaliyofanyiwa vilevile, na yote yakasahihishwa. Mtendaji alihamishwa kituo, jambo ambalo kwetu huandikwa kama hatua ya nidhamu. Nasi tulibadili fomu. Lile swali mnaloliona refu mno na kutaka kulifuta, linalouliza tukupateje bila kupitia ofisi unayoilalamikia, liliwekwa mwezi huohuo. Nawaomba msilifute. Na kila mkiandika K.K., simamisheni kalamu, mjiulize huyo mnayepitia kwake ni nani kwenye shauri.

Makao makuu walijibu baada ya miezi kadhaa. Nilikuta Mama Kulwa ameshahamia nyumba mpya, ya bati na saruji, moja kati ya safu ndefu za nyumba zinazofanana. Nikamsomea barua. Ilikuwa ya heshima. Ilisema lalamiko lake limepokelewa na linaonekana kuwa na msingi, lakini ili liendelee mlalamikaji anaombwa kufafanua nafuu anayoiomba.

"Wanasemaje?"

"Wanasema hawajaelewa unaomba nini, mama."

Jirani yake alipita, wakasalimiana kwa kirefu, habari za watoto, habari za mahindi, habari za mguu. Nilisubiri. Jirani alipoondoka, akanigeukia.

"Waambie ni zilezile. Ishirini na sita."

Niliandika hivyohivyo, nikatuma. Mpaka nakabidhi funguo za kabati, jibu lilikuwa halijaja. Jalada lipo rafu ya chini, upande wa dirishani, na bado liko wazi.